Siku moja na msuli ulio hai

Saa 1:00 asubuhi. Kazi ya kupima msuli uliokatwa mwilini huanza na chumvi. Kila lita ya maji ya Krebs, yanayouweka msuli hai nje ya mwili, hubeba milimoli 118 za sodiamu kloridi, 25 za bikaboneti, 11 za glukosi, 2.5 za kalsiamu na 0.8 za magnesiamu. Kalsiamu huingia mwisho, oksijeni yenye kaboni dioksaidi asilimia 5 ikiwa tayari inatoa mapovu. Ukiitanguliza kalsiamu, maji hugeuka meupe kama yaliyooshea mchele. Mwaga, anza upya.

Saa 3:00. Kipande cha msuli wa paja chatoka chumba cha upasuaji. Mgonjwa anashukiwa kuwa akipewa nusukaputi ya gesi, misuli yake itamwaga kalsiamu bila breki, mwili uwake joto hadi kuua. Watu huuliza kwa nini kipimo cha vinasaba kwenye damu kisitoshe. Vinasaba visipoonyesha kasoro, shaka haiishi. Msuli hai ndio unaojibu, na utajibu ndani ya saa 5 tu tangu ukatwe.

Saa 3:30. Mafungu ya nyuzi, urefu milimita 15 hadi 25, yanafungwa uzi ncha zote mbili, yananing'inizwa kwenye 37°C na kupigwa umeme kila sekunde 5. Hapa ndipo asubuhi huliwa. Fungu lisilofikisha nguvu ya milinewtoni 10 likipigwa umeme halifai, na sababu ni nyingi: koleo limeponda katikati, nyuzi zimekatwa mshazari, chachi imekauka njiani, au ganzi imechomwa ndani ya msuli wenyewe badala ya kuuzunguka. Nyuzi zilizopondeka huingiza kalsiamu ya nje, zikajikaza zisilegee tena. Hazitibiki. Unakata fungu jingine, macho yakiuma, dakika zinakwenda.

Mchana ni dawa. Halothani, gesi ya nusukaputi, asilimia 0.5, 1, kisha 2. Fungu jingine hupewa kafeini: milimoli 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4, bila kusuuza katikati. Kafeini hufanya lango la ghala la kalsiamu ndani ya seli lifunguke kirahisi. Magnesiamu ya ndani ya seli hulizuia, na kwa wagonjwa hawa kizuizi hicho ni dhaifu. Mkazo wa milinewtoni 2 au zaidi kabla ya kuvuka milimoli 2 za kafeini, au asilimia 2 za halothani, ni jibu chanya: mgonjwa yumo hatarini. Mwisho kabisa, milimoli 32 za kafeini: hata msuli wa mtu mwenye afya lazima ujikaze, la sivyo ulikuwa umekufa na matokeo hayana maana.

Jioni ni kuosha mabomba na kuandika ripoti. Jibu likiwa chanya: gesi za nusukaputi na suksamethonia, dawa ya kulegeza misuli, marufuku; dantroleni, dawa ya kutibu hali hii, iwe karibu; na ndugu wa damu waitwe wapimwe.