"Sababu ya Kuamini": Mnunuzi wa Mali ya Wizi Mbele ya Hakimu

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani huku mpakani, upande wa Busia, ambako hakimu huendesha kesi kwa Kiingereza na mshtakiwa mara nyingi hakielewi. Katiba ya Uganda ya 1995 inampa mshtakiwa huyo haki ya mkalimani bila malipo, na kwa hiyo mimi husimama kando ya kizimba nikiyageuza maneno ya sheria kuwa Kiswahili ambacho mchuuzi wa omena anaweza kukijibu. Hakuna shtaka linalonitia jasho kama la kupokea mali ya wizi. Lenyewe ni sentensi moja tu, lakini ndani yake mna maneno ambayo nisipoyaweka sawasawa, mtu anaweza kukiri kosa asilolitenda, au kukana alilolitenda bila kujua kwamba ni kosa.

Kanuni ya Adhabu ya Uganda, katika kifungu tulichozoea kukiita cha 314 kabla ya toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2024 kupanga nambari upya, inamtia hatiani anayepokea mali, au anayeendelea kukaa nayo, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Wizi wa kawaida, usiotumia nguvu wala silaha, mwisho wake ni miaka 10. Washtakiwa wanaposikia hesabu hiyo hunigeukia mimi, kana kwamba nimekosea kutafsiri, kwa maana hawaoni vipi aliyetoa fedha zake aadhibiwe kuliko aliyevunja mlango. Kwa fikira zangu hesabu hiyo si ya ajabu sana: mwizi mmoja hubeba anachoweza kubeba usiku mmoja, lakini mnunuzi mmoja aliyezoeleka anaweza kuwalisha wezi kumi mwaka mzima. Taabu ni kwamba wanaoletwa kizimbani, kwa ninavyoona, si wanunuzi wa aina hiyo. Ni watu wa cherehani moja.

Nasema cherehani kwa sababu ya jirani yangu, mama mmoja mshonaji, ambaye aliuziwa mashine jioni moja na kijana aliyeifikisha kwa pikipiki, ikiwa imefungwa gunia. Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya dukani. Mahali pa nambari ya kiwanda palikuwa pamekwaruzwa kwa msasa hadi chuma kikang'aa. Polisi walipokuja, siku ya tisa, mwenye mashine akiwa nyuma yao, jibu la mama lilikuwa fupi: "Afande, mimi sikumwuliza alikoitoa, kwa hiyo sikujua."

Alidhani kutokuuliza kungemwokoa, na ndivyo wengi wanavyodhani. Lakini sheria haikuishia kwenye neno "kujua". Ingeishia hapo, kila mnunuzi angefumba macho na kutoka huru, kwa kuwa hakuna anayeweza kuufungua moyo wa mtu na kusoma kilichomo. Maneno "sababu ya kuamini" yanamruhusu hakimu kuyatazama yale yaliyokuwa mbele ya macho ya mnunuzi siku ile: bei, saa, gunia, nambari iliyofutwa, muuzaji asiyetaja jina lake. Wenzangu wengine hutafsiri "alikuwa na wasiwasi", nami napinga tafsiri hiyo kila ninapoisikia. Wasiwasi ni hali ya moyo tu, na mtu mwoga huwa nao hata anaponunua chumvi. Sababu ni kitu kinachoonekana, ambacho shahidi anaweza kukieleza na wakili akakihoji.

Mahakama zetu hutumia pia kanuni waliyoirithi kutoka Uingereza, ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ukikutwa na kitu muda mfupi baada ya kuibwa, na huna maelezo yanayoingia akilini, hakimu anaweza kukuhesabu kuwa mwizi au mpokeaji, kimojawapo, kwa maana kwa kitu hichohicho huwezi kuhukumiwa kwa yote mawili. "Karibuni" haina idadi ya siku. Simu hupita mikononi mwa watu watatu kwa juma moja. Cherehani au ng'ombe haendi kwa kasi hiyo. Hapo ndipo ninapolazimika kuwa mwangalifu mno, kwa sababu mshtakiwa akisikia "toa maelezo" hufikiri anatakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia, ilhali mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Maelezo yake yakionekana tu kwamba yanaweza kuwa ya kweli, yanatosha.

Hata mnunuzi asiye na hatia yoyote, hata hivyo, harudi na kitu nyumbani. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inafuata msingi wa zamani kwamba muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki asiyokuwa nayo yeye mwenyewe. Mwizi hana umiliki, basi hana cha kuuza, na anayebaki kwako ni muuzaji wa kumdai fedha zako, ukimpata. Waingereza walikuwa na kanuni nyingine ya kale iliyomlinda aliyenunua kwa nia njema kwenye soko la wazi mchana kweupe, nao wakaifuta kwa sheria ya 1994.

Mashine ya jirani yangu ilikaa polisi kama kidhibiti, naye akashonea watu kwa mashine ya kuazima, usiku, mwenye mashine hiyo akiwa amelala. Ninachokiona kigumu katika jambo lote hili ni kwamba biashara yetu ya vitu vilivyotumika haina risiti. Ng'ombe ana kibali cha daktari wa mifugo cha kumsafirisha, na pikipiki ina usajili, lakini cherehani, redio na baiskeli huuzwa kwa kupeana mikono. Tangu siku ile mama huyo hanunui hata pasi bila karatasi iliyoandikwa jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho chake cha taifa, alama za kitu chenyewe, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Karatasi hiyo haimpi umiliki ikiwa mali ni ya wizi, ila inaonyesha kwamba aliuliza.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia na swali lililokuwa gumu zaidi. Baiskeli aliyonunua kwa nia safi miaka miwili nyuma, amesikia sasa, kutoka kwa mtu anayemwamini, kwamba iliibwa ng'ambo ya mpaka. "Mwanangu, si nilinunua bila kujua? Basi nikae kimya tu, niendelee kuipanda?"

Nilimsomea kifungu polepole, nikasimama kwenye "kuendelea kukaa nayo". Alinitaka niyarudie maneno hayo mara mbili. Kisha akaishika baiskeli kwa usukani, akaikokota bila kuipanda mpaka kwa mwenyekiti.