Siku moja maishani mwangu: fundi wa kuchomelea wa Mikindani, kwenye upanuzi wa kiwanda cha plastiki Ruwais

Saa tisa na nusu usiku

Kambi nzima huamka kwa wakati mmoja, kwa hiyo asiyependa foleni ya bafu hutangulia. Chumbani tuko wanne: Mkenya wa Voi, Mganda wa Jinja, Mnepali mmoja, na mimi wa Mikindani, Mtwara. Nakunywa chai ya rangi kwa chapati, najaza maji kwenye dumu langu na kutia chumvi ya paketi tunayogawiwa. Ni Julai 2024. Mchana joto litapita nyuzi 40, na hapa maji unaanza kuyanywa kabla kiu haijaja.

Saa kumi na nusu alfajiri

Nimeshaswali, niko ndani ya basi. Ruwais iko kilomita kama 240 magharibi ya jiji la Abu Dhabi, bahari upande mmoja na jangwa upande mwingine. Ukikaribia unaanza kuona minara yenye taa na mwenge wa gesi unaowaka juu, kisha eneo letu, lenye kreni nyingi kuliko minara.

Kampuni ya plastiki ya Borouge ilianzishwa 1998 kama ubia wa ADNOC, shirika la mafuta la Abu Dhabi, na Borealis ya Austria. Uzalishaji ulianza 2001 kwa uwezo wa tani 450,000 za plastiki kwa mwaka. Wakapanua, wakapanua tena, leo uwezo umefika tani milioni 5. Awamu tunayojenga sisi, Borouge 4, ni ya dola bilioni 6.2 na itaongeza tani milioni 1.4 kwa mwaka za poliethilini, plastiki ya mifuko na mabomba. Mimi si mwajiriwa wa Borouge. Niko kwa mkandarasi mdogo, chini ya mkandarasi mkubwa, kama walivyo wengi wetu hapa.

Saa kumi na moja

Kikao cha usalama. Msimamizi wetu, Mhindi wa Kerala, anasoma kazi za leo kwa Kiingereza, kisha kwa Kihindi. Mganda ananong'ona Kiswahili kwa walioko nyuma. Vibali vya kazi ya moto vinasainiwa. Mpima gesi anapita na kifaa chake, na bila saini yake hakuna anayewasha mashine. Wageni wa kazi hii hulalamika kwamba makaratasi yanakula muda. Mimi silalamiki. Jirani yetu ni kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana, na gesi haijali kama una haraka.

Saa kumi na moja na nusu

Kazi yenyewe. Leo naunga bomba la stenlesi la inchi 8, juu kwenye jukwaa, ndani ya hema la kitambaa kisichoshika moto. Hema si la kivuli. Ni la kuzuia upepo, kwa sababu gesi ya argoni inayolinda chuma kilichoyeyuka ikipeperushwa, hewa inaingia na mshono unajaa vitundu.

Bomba hili ni la upande wa baridi. Ethani, moja ya gesi za ardhini, huchanganywa na mvuke, ikapitishwa kwenye tanuru lenye nyuzi kama 850 kwa muda usiofika sekunde moja, ikageuka ethilini, malighafi ya poliethilini. Halafu hupozwa ghafla, hushindiliwa na kushushwa hadi nyuzi 100 hivi chini ya sifuri ili ethilini itengane na gesi nyingine. Chuma cha kawaida kikifika baridi hiyo kinakuwa kikavu, ukikigonga kinapasuka. Ndiyo maana tunatumia stenlesi, na ndiyo maana mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, naufanya kwa pumzi ya taratibu. Bomba lenyewe limejazwa argoni ndani pia, kwa sababu hewa ikibaki, mgongo wa mshono unaungua na kuota magamba ambayo huwezi tena kuyafikia.

Baada ya kila mzunguko nasubiri chuma kipoe, napima joto, nasugua, naendelea. Mganda wangu wa Jinja ndiye mlinzi wa moto: amesimama chini ya jukwaa na mtungi wa kuzimia, macho kwenye cheche. Hana ruhusa hata ya kushika simu. Watu huiona kazi nyepesi. Mimi namwamini kwa maisha yangu.

Saa tatu asubuhi

Mapumziko mafupi. Nafungua simu, kuna sauti ya mpwa wangu, yuko mwaka wa kwanza VETA, chuo cha ufundi: "Shikamoo mjomba. Hapa tunabishana. Gesi sisi tunayo tangu zamani, mbona kiwanda kama hicho hatuna?"

Sina muda wa kumjibu vizuri, nami sitaki kumjibu vibaya.

Saa sita na nusu mchana

Sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu inakataza kazi ya juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Tunaingia kwenye vibanda vya kupumzikia, wengi wanalala papo hapo. Mimi namrekodia mpwa jibu.

Nikamwambia: marahaba. Swali lako ni letu sote. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kuhusu gesi hiyo, na wengine walipoteza maisha. Lakini mabishano yetu yalikuwa juu ya bomba liende wapi, hakuna aliyetueleza ndani ya gesi kuna nini. Gesi ya Mnazi Bay kwetu Mtwara, na ya Songo Songo huko Kilwa vilevile, karibu yote ni methani. Methani ina kaboni moja. Poliethilini inaanzia kwenye ethilini, yenye kaboni mbili, na ethilini hapa inatokana na ethani. Abu Dhabi sehemu ya gesi yao inatoka pamoja na mafuta, na ethani imo tele. Njia ya kuitoa methani hadi plastiki ipo, kupitia methanoli, ila ni ndefu na ghali. Methani inafaa kwa umeme, kwa kupikia, na kwa mbolea ya urea. Mkulima wa Newala anahitaji mbolea kuliko chembe za plastiki. Hilo ndilo ningependa vijana wa kusini mlidai, tena kwa hesabu mkononi.

Akauliza tena, upesi: na mifuko je, si imepigwa marufuku? Kweli, Tanzania tangu 1 Juni 2019, Kenya tangu 2017, na mimi naunga mkono. Ufukwe wa kwetu nimeuona ulivyokuwa. Ila yale mabomba meusi yenye mstari wa bluu yanayoleta maji vijijini ni poliethilini pia, na yanasanifiwa kukaa ardhini miaka 50. Kinachotoka kiwandani ni chembe nyeupe, saizi ya punje za mchele. Mimi ninaumia nikifikiri ngapi kati yake zitatumika dakika chache na kutupwa.

Saa tisa alasiri

Tunarudi. Chuma kimekuwa cha moto hata kabla ya kukigusa. Namalizia mshono wa juu, naandika namba ya kiungo na namba yangu ya fundi. Kikivuja baada ya miaka kumi, watajua ni nani.

Saa mbili usiku

Chakula, simu kwa mke wangu, kufua. Eksirei za viungo vya mabomba hupigwa usiku, watu wakishaondoka, kwa sababu ya mionzi. Majibu ya viungo vya jana yametumwa: vyangu vyote vimepita.

Nimemtumia mpwa picha ya mshono wa leo. Nimemwagiza amwombe mwalimu wake bomba la inchi 6, alifunge kwa mwinamo wa nyuzi 45 bila kulizungusha, na aanze kujifunza kuchomelea hivyo kwa mikono yote miwili. Huo ndio mtihani wanaopewa wengi wanaoomba kazi ya mabomba ya gesi, iwe huku au Kilwa.