Tulivyozibua kisima cha mita 14 Shela, Malindi

Kisima chenyewe kina mita 14 kutoka ukingoni hadi chini, na upana wa mita 1.2. Mita 3 za juu ni mchanga uliojengewa mawe, chini yake ni jiwe la matumbawe. Kilikuwa kimefunikwa miaka kadhaa, kimejaa tope na majani ya mwarobaini. Tulikizibua kwa siku tatu tukiwa watu wanne: mmoja chini, wawili kwenye winchi, na wa nne hana kazi ila kumwangalia aliye chini na kusoma kipima hewa. Mwenye kisima akitaka kupunguza gharama, huyo wa nne ndiye wa kwanza kuonekana hana faida. Mimi simwondoi hata siku moja.

Kinachoua kisimani aghalabu ni hewa, si maji wala kuanguka. Majani yakioza hula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, basi hutuama chini. Tope likichokolewa hutoa haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Usimsikilize anayesema atapanda akisikia harufu: gesi hiyo ikifika sehemu 100 hivi katika milioni, pua hufa ganzi, na mtu hudhani hewa imesafika.

Mafundi wengi wa huku huteremsha mshumaa au kandili. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikishuka karibu asilimia 16, na sisi hatuteremshi mtu ikiwa chini ya 19.5 (hewa ya kawaida ni 20.9). Kwa hiyo mshumaa unaweza kuwaka vizuri mahali ambapo mtu hapaswi kuwepo. Tena methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, mwali ule ndio utakaoilipua. Wachimba makaa ya mawe walijifunza hayo kwa roho za watu. Taa ya Humphry Davy ya mwaka 1815 ilizungushiwa wavu wa chuma ili moto usitoke nje, na hata hivyo baadaye walishuka na ndege wadogo wanaozidiwa na gesi kabla ya mtu, kwa sababu taa haiwezi kuonyesha kaboni monoksaidi.

Sisi tulikodi kipima cha gesi nne. Tulikiteremsha kwa kamba, tukisimama kila mita moja na nusu na kungoja dakika mbili, maana kipima huchelewa kusoma. Ukikiteremsha mbio utapata hesabu ya hewa ya juu. Mipaka yetu ilikuwa hii: oksijeni isipungue 19.5, kaboni monoksaidi isizidi 35 katika milioni, haidrojeni salfaidi isizidi 10, na gesi ya kuwaka isizidi sehemu ya kumi ya kiwango cha kulipuka.

Kipimo cha asubuhi hakitoshi kwa alasiri. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda hadi kiasi cha saa nne asubuhi, kisha hushuka mpaka kama saa kumi jioni. Unaposhuka, hewa iliyokaa ndani ya nyufa za matumbawe hutoka na kuingia kisimani. Kwa hiyo tulipima kila mtu aliposhuka, na kipima cha pili alikivaa kifuani.

Kisima kikitolewa maji kina kama mita 16 za ujazo za hewa. Feni yetu ilisukuma mita 8 za ujazo kwa dakika, hivyo dakika 15 zilibadilisha hewa yote mara saba na zaidi. Tulisukuma hewa safi ndani kwa mpira uliofika mita moja juu ya tope, na feni haikuzimwa mtu akiwa chini. Mdomo wake ulielekea upande unakotoka upepo, na jenereta ilikaa mbali, upepo unakoelekea. Pampu ya petroli usiishushe kisimani kamwe, hata kwenye kidaraja cha katikati: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Tulitumia pampu ya umeme ya kuzamisha, na tuliitoa kabla ya mtu kushuka.

Ndoo ilijazwa robo tatu, na kulabu yake ina kufuli. Jiwe likianguka kutoka mita 12 hufika chini kwa mwendo wa kilomita 55 kwa saa, na kofia ngumu ina mipaka yake. Ndiyo maana ukingo ulifagiwa kila ndoo ilipotoka na tope likamwagwa mbali.

Januari 1862, boriti ya mashine ya kutolea maji ilivunjika katika mgodi wa Hartley huko Uingereza, ikaziba shimo pekee la kutokea. Walikufa wanaume na wavulana 204, na mwaka huohuo sheria ikataka kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili. Kisima hakiwezi kuwa na njia mbili. Njia ya pili ni kamba: mkanda wa mwili mzima, kamba yake peke yake iliyo mbali na ya ndoo, imefungwa kwenye winchi ya miguu mitatu muda wote, hata anapokuwa ameketi tu akipumzika.

Kabla ya siku ya kwanza tulipandisha gunia la mchanga la kilo 70 kutoka chini. Mara ya kwanza ilituchukua dakika sita, kwa sababu kamba ilikuwa ikisugua ukingo. Tukasogeza miguu ya winchi hadi kamba ikaning'inia katikati, tukarudia mpaka ikawa chini ya dakika mbili. Aliye chini asipojibu mvuto mmoja wa kamba, hapandishwi kwa mashauriano wala hakuna wa kumfuata: wawili wanazungusha winchi papo hapo, na wa nne anashikilia ukingo kuzuia watu wasirukie ndani, hata akiwa ndugu yake.