Nilivyojaza friza na mustikka za porini huku Ufini

Baridi yangu ya kwanza Tampere nilikula mkate na viazi mpaka choo kikawa kigumu, yaani siku tatu nne hamna kitu, na mimi mtoto wa Tanga nimezoea maembe na mafenesi, huku embe moja dukani unalishika, unasoma bei, unalirudisha. Hapo ndo nikauziwa mtandaoni vidonge vya mustikka, beri ndogo za buluu nzito zinazoota misituni huku, eti vinasafisha macho, vinashusha sukari, vinatoa sumu. Nimemaliza makopo mawili, hela imeenda na sikuona tofauti yoyote.

July mwishoni bibi jirani yangu akanichukua msituni. Sheria ya huku inakuruhusu kuchuma beri za porini hata msitu uwe wa mtu, huombi ruhusa, mradi tu usiingie uani kwake, ila siku hiyo ya kwanza nilikuwa nageuka nyuma kila saa kuangalia kama mwenyewe anakuja. Mbu wengi balaa. Vichaka vya mustikka ni vifupi, magotini tu, kwa hiyo umeinama muda wote, na kwa mkono masaa matatu sikufikisha hata nusu ya ndoo ya lita 10. Bibi akanipa kidude chao cha kuchumia, kama sepetu ndogo ila mbele ina meno ya chanuo, unapitisha kwenye kichaka zinaingia nyingi kwa mkupuo, pamoja na majani sasa. Nyumbani unazimwaga kwenye trei uliyoinamisha kidogo, beri zinabingirika, majani mengi yanabaki nyuma.

Nikaiminya moja kwa kidole. Ndani zambarau tupu, mpaka kwenye mbegu, na kucha zangu zilikaa na rangi siku mbili. Zile kubwa za shambani za dukani ukizipasua ndani ni nyeupe nyeupe, rangi iko kwenye ganda tu. Nikampigia mama. "Shikamoo mama", "Marahaba mwanangu", nikatoa ulimi mbele ya kamera. "We! Si zambarau hizo?" Na kweli, rangi inayochafua ulimi ni jamii ileile, wataalamu wanaiita anthosiani, na ndiyo inayochunguzwa sana kwa ajili ya mishipa ya damu na sukari. Inachunguzwa, haijawa dawa, na mtu mwenye kisukari asije akaacha dawa zake kwa ajili ya mustikka. Ile stori ya marubani wa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili kula jamu ya mustikka waone usiku, ilipokuja kupimwa vizuri haikuthibitika. Ningejua mapema nisingenunua vile vidonge.

Kilicho wazi ni hiki: gramu 100 ya mustikka haifiki kalori 60, ina nyuzinyuzi gramu 3 hivi, na vitamini C kiasi tu. Ukitaka vitamini C nyingi tafuta lakka, zile za rangi ya chungwa zinazoota kwenye vinamasi, uzito kwa uzito zinapita chungwa lenyewe, au tyrni, beri nyingine ambazo ukali wake unakukunja uso.

September zikaja puolukka, beri nyingine za msituni, nyekundu, chachu kama ukwaju. Hizi bibi anaziponda tu anaziweka kwenye chupa mahali pa baridi bila sukari hata chembe, na zinakaa miezi, maana zina asidi ya benzoiki yenyewe, haziozi haraka. Nikaacha kabisa kupika jamu, kwa sababu jamu nusu yake sukari halafu unajiambia unakula afya. Mustikka nazitandaza kwenye trei ndani ya friza mpaka zigande mojamoja, afu ndo naziweka kwenye mifuko, hazishikani.

Asubuhi napika uji wa ulezi, naepua, natia kikombe cha mustikka zikiwa barafu bado, uji unageuka zambarau na unapoa papo hapo watoto wanywe wawahi shule. Siku nyingine natia puolukka kwa ajili ya ule uchachu wake. Choo changu kilikaa sawa ndani ya wiki mbili, na naamini ni nyuzinyuzi hizo pamoja na maji niliyoanza kunywa.

Mwaka jana tulichuma ndoo nne, mbili za mustikka mbili za puolukka. Pakiti ya mwisho tumeifungua April, theluji ikiwa inayeyuka, na mwanangu mdogo ameshaanza kuuliza gambuti zake ziko wapi.