Kurasa ishirini na mbili za mwanzo

Leicester, Novemba, zamu ya usiku

Saa sita kasoro dakika tano. Wazee wa ghorofa yangu, katika nyumba hii ya kulea wazee, wamelala, au wanajifanya wamelala, na mimi nimekaa kwenye kiti cha korido nasubiri bei zibadilike. Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivi. Ikigonga saa sita duka la Kindle la Amazon, la vitabu pepe vya kusomea kwenye simu, linaondoa ofa za jana na kuweka za leo, na humo hakukosekani riwaya moja mbili za upelelezi za Kiingereza, zile zenyewe, zenye mvua, chai na maiti kwenye chumba cha vitabu, kwa peni 99. Tarehe mosi ya mwezi ndiyo sikukuu, maana siku hiyo zinamwagwa ofa za mwezi mzima na mtu unaweza kupotelea humo hadi kuche.

Peni 99 si hela ya kukaa kikao. Tangu Januari 2025 nauli ya basi ya safari moja hapa Uingereza ina kikomo cha pauni 3. Asubuhi nikirudi nyumbani kwa miguu nimeokoa vitabu vitatu, na chenji ya peni tatu inabaki. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya. Kwenye simu yangu kuna vitabu 214 nilivyonunua kwa ofa. Nilivyovisoma mpaka mwisho sijafikisha arobaini.

Lakini sivinunui kwa uchu wa vya bei chee tu. Kuna kitabu kimoja nakitafuta, na sijui kinaitwaje.

Marehemu baba alikuwa karani bandarini Tanga. Akitumwa Dar kikazi harudi bila vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini kando ya Mtaa wa Samora. Safari moja akaja na kitabu kilichokatika mwanzo. Hakina jalada, hakina jina, kinaanzia ukurasa wa 23 na kuishia ukurasa wa 224. Juu ya kurasa hamna maandishi, namba tu. Katika jalada lake kilisalia kipande cha kijani kilichong'ang'ania gundi, baba akakigusa kwa kidole akasema: "Kijani maana yake kuna mtu kauawa."

Nilidhani anatutania. Kumbe ni kweli. Mchapishaji Mwingereza Allen Lane alipoanzisha vitabu vya Penguin mwaka 1935 aliviuza kwa peni sita, bei ya pakiti ya sigara kumi, na kila aina aliipa rangi yake. Upelelezi ulipata kijani. Katika vile kumi vya kwanza viwili vilikuwa vya kijani, kimoja cha Agatha Christie na kingine cha Dorothy L. Sayers. Kwa hiyo riwaya ya mauaji ya Kiingereza na bei ya kutupa walikutana siku nyingi, kabla hata babu hajamwoa bibi.

Umeme ukikatika baba alikuwa anatusomea kile kitabu kwa taa ya chemli, macho yake kwenye Kiingereza, mdomo wake kwenye Kiswahili. Skonzi za mke wa kasisi zilikuwa "mandazi ya Kizungu". Kila mtu alipomiminiwa sherry, ile divai yao, baba alisema "sharubati", kwa sababu bibi alikuwa kajiegesha pembeni na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Kila mpelelezi alipozungukazunguka bila kuona kilicho mbele yake, baba alitikisa kichwa: "Bwana Msa angekwishamaliza kazi hii kiko chake hakijazimika." Bwana Msa ni yule mpelelezi wa Mohammed Said Abdulla wa Unguja, na kwa baba hakuna Mwingereza aliyewahi kumfikia.

Ukurasa wa 23 unaanzia katikati ya sentensi. Kwa Kiswahili cha baba: "...na hapo ndipo mbwa wa kanali alipoacha kubweka." Basi. Kanali keshakufa. Muuaji tulimjua, ni daktari wa kijiji, amekiri mwenyewe ukurasa wa 219. Tusichokijua ni jinsi kanali alivyokufa, maana tangu hapo watu wote wanasema "kwa namna ile ya kutisha" na hakuna anayeirudia. Watu wengine wana kitabu kilichokatika mwisho wakabaki hawamjui muuaji. Sisi tulibaki na muuaji mkononi, kosa lake hatulijui.

Baba akawa anatunga mwanzo. Kila mara wake. Mara kanali kaumwa na nyoka aliyepotea njia kutoka milima ya Amani. Mara kaanguka ngazi. Mdogo wangu wa kiume, wakati ule ana miaka sita, hakukubali chochote ila mamba, kwa kuwa mjomba alikuwa Pangani na habari za mamba ndizo alizozisikia. Baba akamtia mamba kwenye kijito cha kijiji cha Uingereza. Kanali akaliwa nusu. Tukalala vizuri sana.

Saa sita na dakika mbili. Za leo zimetoka. Mapishi ya mtu mashuhuri fulani, kitabu cha kupunguza unene, na za mauaji mbili.

Niseme kidogo jinsi haya machimbo yanavyofanya kazi, maana nimeshaliwa humo vya kutosha. Kitabu cha peni 99 mara nyingi ni cha kwanza katika mfululizo wa kumi au kumi na tano. Mchapishaji anakishusha bei wakati kipya cha mwandishi yuleyule kinapotoka, kwa pauni zake nane au tisa. Cha kwanza ni chambo. Ukishampenda inspekta na talaka yake na mbwa wake, cha pili utakilipia bei ya kawaida na hutalalamika. Mimi nimeapa kutonunua cha pili. Nimevunja kiapo mara nne, mara tatu ikiwa ni saa kumi ya alfajiri.

Jalada lisikudanganye. Hapa kuna mtindo wa mwanamke aliyevaa koti jekundu, amekupa mgongo, anatembea kwenye theluji au kwenye ukungu. Ninao kumi na mmoja hao, na sijawahi kuuona uso wa hata mmoja. Halafu kuna vitabu vya zamani vinavyobatizwa upya, mwandishi yuleyule, hadithi ileile, jina jipya. Nilinunua kimoja mwaka jana, nikafika sura ya tatu nikashangaa ninavyojua kwamba mwalimu wa piano ni mwongo. Nilikuwa nimeshakisoma kwa jina lake la kwanza. Taarifa ilikuwepo, mstari mmoja mdogo chini kabisa ya maelezo, pale macho yangu yasipofika saa nane ya usiku.

Vya bure kabisa na halali vipo pia, na kuvipata kunataka swali la kipolisi: mwandishi alikufa lini? Kwa sheria ya Uingereza hakimiliki inaishi miaka 70 baada ya mwandishi kufa, ikihesabiwa mpaka mwisho wa mwaka. Arthur Conan Doyle alikufa 1930, huyo yuko huru zamani. Josephine Tey alikufa 1952, akawa huru Januari 2023. Sayers alikufa 1957, kwa hiyo tunamsubiri Januari 2028. Christie alikufa 1976, na kwa yeye itabidi niwe na subira, maana ni 2047 na mimi nitakuwa mzee wa kupelekewa chai kwenye korido kama hii. Project Gutenberg na Standard Ebooks ndiko wanakowekwa, ingawa hao hufuata sheria ya Marekani, ambayo hesabu yake ni nyingine, na kitabu kilicho huru kule huenda hakijawa huru hapa. Nimeandika tarehe za vifo vya waandishi nyuma ya daftari langu la bajeti. Mwenzangu wa zamu aliliona akaniangalia vibaya kwa wiki nzima.

Na maktaba. Aibu yangu ni kwamba niliishi hapa miaka miwili kabla ya kujua kwamba kadi ya maktaba ya mtaa ni bure na inakuazimisha vitabu kwenye simu, kupitia programu kama Libby au BorrowBox, kutegemea maktaba ya kwenu. Muda ukiisha kitabu kinajirudisha chenyewe, hakuna faini. Na tangu Julai 2018 mwandishi analipwa kidogo na serikali kila kitabu chake pepe kinapoazimwa. Nilipolijua hilo nikaacha kujiona kama ninamwibia mtu.

Mdogo wangu nilimwambia haya yote kwenye simu. Siku hizi yuko Tanga, kwenye nyumba ya mama, na kile kitabu kisicho na kichwa kiko kwenye kabati lao. Nilimtumia kiungo cha riwaya moja ya peni 99.

"Dada, huku naona dola kumi na moja."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Labda mimi si Mwingereza."

Ndivyo ilivyo. Haki za kuchapisha hugawanywa kwa maeneo kama shamba la urithi, na punguzo la huku haliwi lazima punguzo la kule. Baba kwenye turubai la Samora hakuulizwa anaishi wapi.

Jambo la kuonewa wivu zaidi kwenye kile kitabu chake ni kwamba hakuna anayeweza kukifuta. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja ikafuta nakala za riwaya ya George Orwell kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo, tena riwaya yenyewe ni ile inayohusu serikali inayofuta kumbukumbu. Wateja walirudishiwa hela, na baadaye kampuni ikaomba radhi. Lakini mimi nikikumbuka vitabu vyangu 214 vilivyokaa hewani, namkumbuka na yule mkongwe wa kijani kabatini, mchwa wamemjaribu, mvua imemjaribu, yupo.

Nilichelewa kugundua jambo moja la kijinga. Kila kitabu pepe kina sampuli ya bure, takriban sehemu ya kumi ya mwanzo. Kitabu cha baba kina kurasa 224 na kilichopotea ni kurasa 22. Yaani duka zima linanipa bure, kwa kila kitabu, kipande kilekile tulichokikosa sisi. Sina haja ya kununua chochote. Tangu Machi nimekuwa napakua sampuli tu, hasa za zile riwaya zilizosahauliwa za miaka ya 1930 na 1940 ambazo Maktaba ya Uingereza imekuwa ikizifufua katika mfululizo wake wa upelelezi. Moja ya J. Jefferson Farjeon, ya mwaka 1937, waliirudisha ikauzika ajabu Krismasi ya 2014, mwandishi keshafariki miaka mingi. Kama yeye kafufuka, kanali wetu naye ana matumaini. Nimesoma mianzo tisini na kitu. Maiti tisini na kitu, na wauaji siwajui. Sasa ninavyo vitabu vilivyo kinyume cha kile cha baba, vyenye mwanzo bila mwisho.

Turudi usiku wa leo. Ile ya pili kati ya za peni 99 ni ya zamani iliyochapishwa upya. Nikapakua sampuli. Kijiji. Kasisi. Kanali mstaafu. Nikakaa wima. Kanali ana mbwa. Ukungu umeshuka, watu wamo ndani wanakunywa ile sharubati ya bibi, na nje mbwa anabweka, anabweka, hanyamazi. Sampuli ikaisha hapo. Hapohapo, kwenye kubweka.

Nikampigia mdogo wangu bila kufikiri. Tanga ni saa tisa usiku. Simu ikaita mpaka ikakata. Nilitaka tu aniangalizie ukurasa wa 23, kama kuna neno moja la kulinganisha, jina la mbwa hata. Nikapiga tena. Halafu kengele ya chumba namba saba ikalia, nikaenda kumpa bibi yule maji na kumgeuza upande, akaniuliza kama asubuhi imefika, nikamwambia bado, akasema afadhali.

Niliporudi nikanunua.

Mbwa hakuacha kubweka. Alibweka ukurasa mzima unaofuata, wakatoka na taa, wakamkuta kanali mzima wa afya bustanini anatafuta miwani. Aliyekufa ni kasisi. Hamna daktari popote.

Nikaendelea kusoma hata hivyo. Ni nzuri. Nilipokuja kuinua macho dirisha lilikuwa la kijivu na mwenzangu wa zamu ya asubuhi anavua koti mlangoni. Ujumbe wa mdogo wangu ulikuwa umeingia.

"Dada umepiga mara mbili saa tisa usiku. Kuna nini? Mama kaamka."

"Mwambie mama alale. Nilidhani nimempata kanali."

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Aliliwa na mamba."