Kipupwe, mahindi na mpaka wangu na Bibi

Leo nimeamka alfajiri nikakuta ukungu umeshuka hadi kwenye paa la jiko, na majani ya maboga yaliyosalia shambani yamejikunja kwa baridi. Hapa Mufindi, mkoani Iringa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, mvua huaga mwanzoni mwa Mei, na ifikapo Juni kazi zote zilizosubiri masika yapite hudai kufanywa kwa pamoja. Mahindi yanataka kupukuchuliwa, kuni zinataka kupasuliwa, na ipo kazi moja ambayo kwangu ina uzito kuliko hizo zote, nayo ni kusafisha njia ya moto, yaani ukanda usio na majani wa kuzuia moto usivuke, katika mpaka wangu na Bibi.

Bibi si ndugu yangu wa damu. Ni mama mjane aliyevuka miaka 70, na kitongoji kizima tunamwita hivyo.

Mahindi yangu nimeyaanika juu ya maturubai kwa siku ya tisa sasa. Jana nilitia punje chache katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, nikatikisa, nikaiacha itulie kwa robo saa. Chembe za chumvi ziliganda kwenye kioo, maana yake mahindi bado yana maji mengi, na nikiyafunga hivyo yataota ukungu. Kipimo hicho nilifundishwa na Bibi, naye alifundishwa na bwana shamba. Nikiona chumvi inadondoka yote chini, ndipo nitakapoyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi tunayemwita skania, hufa kwa kukosa pumzi.

Sasa niseme habari ya mpaka. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, nilichoma mabua yangu saa tano asubuhi bila kumwarifu mtu yeyote, kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia. Haukupita muda upepo ukaamka, moto ukaruka mfereji, ukaingia katika misindano, yaani mipaina, ya Bibi iliyokuwa na umri wa miaka mitatu. Majirani walikuja mbio na matawi mabichi, wakauzima kabla haujafika juu kilimani. Kesho yake mimi na Bibi tulihesabu miti 63. Mingi ilikuwa imesimama bado, nami nikathubutu kusema kwamba huenda itapona. Bibi hakunijibu, alichukua kisu, akakwangua gome la mti mmoja, akanionesha ngozi ya ndani iliyopaswa kuwa nyeupe na yenye majimaji, ikiwa imekauka na kugeuka kahawia. Msindano mchanga una gome jembamba, na joto peke yake latosha kuuua.

Nilikwenda kwake jioni na mwenyekiti wa kitongoji kuomba radhi na kulipa. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo pesa nitalipia ada ya mjukuu na itakwisha. Mimi nataka miti yangu irudi, na kila mwezi wa sita uje tuufyeke huu mpaka." Desemba ile nilipanda miche 63 kwa mkono wangu, nami tangu siku ile sijachoma mabua tena. Nayalaza kwa mistari kukinga mteremko, yaoze yenyewe. Najua wapo wanaosema kwamba moto huua wadudu na kurahisisha kulima, lakini nimeona gharama yake na siwezi kuurudia.

Leo basi tumefanya mgowe, kama tunavyouita huku ujima wetu. Tumekuwa watu tisa, na mke wangu amepika togwa tangu juzi. Tumefyeka upana wa hatua sita kutoka barabarani hadi bondeni, tukalima kwa jembe hadi udongo mwekundu ukabaki wazi, kisha vijana wakapogoa matawi ya chini ya misindano mikubwa ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Bibi tulimsihi apumzike. Alikuja na jembe lake, akatusalimu "Kamwene" mmoja baada ya mwingine, akaanza kulima kutoka upande wake.

Tulipokutana katikati aliniongoza kwenye miti niliyopanda. Mingi imemfika kifuani. Alipita safu kwa safu akishika kilele cha kila mmoja, na pale ambapo mche ulikufa alichomeka kijiti. Vijiti vimekuwa vinne. Jumamosi tutakwenda kwake kupukuchua, na kwenye ukuta wa jiko langu nimeandika kwa mkaa: miche minne, Desemba.