Ngozi ya Olive

Mara ya kwanza kumwona Olive nilirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amesimama kwenye korido ya Bibi, mwili mtupu wa rangi ya majivu wenye madoa ya pinki, shungi jeupe limemwangukia machoni, manyoya mengine yamebaki mkiani na miguuni kama soksi. Kwetu Muheza mbwa aliyepukutika manyoya ana ukurutu, na mbwa wa ukurutu hana mwenyewe.

Nami niliwahi kuwa na wangu. Popi alianza kupukutika masikioni nikiwa darasa la tatu. Tulimpaka oili chafu tuliyoomba kwa fundi wa magari, tukichovya kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na harufu ile ninayo puani mpaka leo. Haikumsaidia. Siku moja nikarudi shule nikaambiwa Popi kakimbia. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kuwa jembe limeoshwa, na haukuwa msimu wa kulima.

Kwa hiyo siku ile korido ya Coventry niliiona ndefu sana. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Uingereza, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani kwao. Tulielekezwa tuwaite kwa majina yao ya kwanza. Mtu wa miaka 79! Sikuweza. Nikamwita Bibi, nikamweleza maana yake, akasema basi liwe hilo. Alikuwa amewafuga hawa Chinese Crested zaidi ya miaka thelathini, amewapeleka kwenye mashindano kila pembe ya nchi, hata Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa kule Birmingham. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole, kamba ya mbwa haishikiki. Novemba 2016 akaniomba nimwingize Olive ulingoni kwa niaba yake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo tukamwogesha. Ndipo nilipomgusa kwa mara ya kwanza kwa kiganja kizima, nikashtuka.

"Bibi, huyu ana homa."

"Hana. Joto lake ni lile lile la mbwa yeyote, nyuzi 38 na kitu. Wenzake wamelifunika kwa manyoya."

Ngozi yenyewe ilikuwa laini, ukiipitisha kidole inakunjika na kurudi kama ngozi ya kiwiko cha mtoto. Mgongoni alikuwa na chunusi ndogo nyeusi, kwa sababu ngozi iliyo wazi vinyweleo vyake huziba upesi. Bibi akanionyesha kuzisugua taratibu kwa kitambaa cha uvuguvugu. Usoni na mbavuni kulikuwa na vinyoya vichache vilivyojiotea, nikavinyoa kwa wembe huku nimebana pumzi. Kiangazi hupakwa dawa ya kukinga jua, maana wanaungua, na rangi ya ngozi hukolea. Baridi huvalishwa sweta, lakini la pamba, kwani baadhi yao sufu huwawasha.

Niliuliza swali lililokuwa kooni tangu siku ya kwanza: kama si ugonjwa, ni nini? Bibi akanieleza akiwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Ni badiliko dogo katika jeni moja, ambalo wanasayansi walilitambua mwaka 2008. Mtoto akirithi nakala moja ya badiliko hilo anazaliwa bila manyoya. Asiporithi anazaliwa na manyoya marefu mororo, anaitwa Powderpuff, na ulingoni anashindana na ndugu zake hawa hawa. Akirithi nakala mbili, hazaliwi kabisa. Anaharibikia tumboni.

"Ukipandisha wawili wasio na manyoya," akasema, "kwa hesabu umepoteza robo kabla hujawaona."

Kwa sababu hiyo maisha yake yote alimpandisha asiye na manyoya na Powderpuff, hapo hakuna anayepata nakala mbili. Kabatini kwake kulikuwa na vikombe na riboni mpaka milango haifungi. Nilimheshimu kwa hilo la robo kuliko kwa vikombe vyote.

Usiku nikalala na simu mkononi nikisoma. Kumbe badiliko hilo hilo la jeni ndilo walilo nalo mbwa aina ya Xoloitzcuintli wa Mexico na mbwa wasio na manyoya wa Peru, ingawa hawa wetu wanabeba jina la China. Wafinyanzi wa Moche, huko Peru, walifinyanga vyungu vyenye sura ya mbwa hao karne nyingi kabla ya Wainka, na mwaka 2001 nchi hiyo ikawatangaza kwa sheria kuwa urithi wa taifa. Nilikaa na picha ya chungu kimoja muda mrefu. Mbwa amekaa, masikio wima, mwili mtupu. Kuna mtu alimtazama kwa makini na kwa upendo mpaka akamtia kwenye udongo.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa wa michezo, sakafu ya baridi, mlango ukifunguliwa upepo unapita chini kwa chini. Tulikuwa wanne katika kundi letu. Nilimvua Olive sweta mapema mno, nikidhani zamu imefika, kumbe bado. Akaanza kutetemeka. Nikamwingiza ndani ya koti langu, moto wake ukanipenya kifuani, nikamsikia moyo unavyokwenda mbio. Mtoto wa kiume aliyekuwa pembeni akamwuliza mama yake kwa sauti: "Anaumwa?"

Nikainama. "Haumwi. Mguse."

Akamgusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja. "Ana moto!" akasema, na hakuutoa mkono.

Jaji alikuwa mama wa makamo. Kabla ya kumshika Olive mezani alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, nami nikamwamini hapo hapo. Akapima mabega, mgongo, vidole vya miguu, ambavyo kwa mbwa hawa ni virefu kama vya sungura. Kisha akafungua mdomo. Tumbo likanikata, maana nilijua kilichomo: mapengo pande zote mbili, na chonge zilizolalia mbele. Jeni ile iliyoondoa manyoya inagusa na meno. Bibi alikuwa ameniambia, hata mwanasayansi Darwin mwaka 1859 aliandika kuwa mbwa wasio na manyoya wana meno yenye kasoro. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya watu mdomo wa mbwa wako ukikaguliwa ni kingine. Jaji akaufunga polepole, akamsugua Olive kidevuni, akasonga mbele.

Tulipokimbia pembetatu, Olive alikuwa bado ana baridi. Mkia, ambao hutakiwa kunyanyuka, ukashuka. Tukapata kadi ya njano, ya mshindi wa tatu. Kosa la sweta ni langu, na nilimwambia Bibi hivyo. Akasema mwakani tutachelewa kuvua.

Jioni nikampigia mama, nikamtumia na picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mbwa ana ukurutu."

"Hana, mama. Amezaliwa hivyo, na ni mzima." Nikamweleza yote: jeni, meno, chungu cha Peru. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Jina la Popi hakulitaja, nami sikulitaja.

"Sasa mnampaka nini?"

"Losheni. Siku nyingine tone la mafuta ya nazi, yakizidi yanaziba ngozi."

"Ya dukani?"

"Ya dukani."

Januari kuna kijana wa Tanga alirudi masomoni Coventry, akanipigia nikachukue mzigo. Chupa ya maji ya nusu lita, mdomo umefungwa nailoni na mpira, mafuta yameganda meupe kwa baridi. Ubavuni mama alibandika kipande cha karatasi, ameandika kwa kalamu: YA MBWA.